Kaniki Begani

"Mwalimu, na wewe mwenyewe umewahi kuuza nini?"

Aliyeuliza alikuwa Wafula, mtu wa bara, aliyerudi kutoka Burma na kovu la shingoni na koti moja la jeshi. Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia, na hilo ndilo lililomchoma Mwalimu Kalama, maana angekuwa jeuri angemtoa nje na mambo yakaisha.

Darasa lenyewe lilikuwa banda la mabati lililoachwa na jeshi upande wa Port Reitz. Ndani yake walikaa wanaume ishirini, wote askari wa zamani, magoti yamewafika kidevuni kwenye mabenchi ya watoto. Mwaka ulikuwa 1948. Wakati wa vita watu hawa waliambiwa kwamba wakirudi watatazamwa. Walirudi, wakatazamwa kweli, kutoka juu hadi chini, kisha wakaambiwa ardhi hakuna, kazi iliyopo ni ukuli, lakini serikali kwa huruma yake itawafundisha kuendesha duka. Aliyekuwa akingoja shamba akapewa daftari.

Kalama alikung'uta chaki mikononi. Miaka tisa alikuwa akifundisha biashara, kwanza misheni, kisha hapa, na katika miaka hiyo tisa hakuuza hata fungu la mchicha. Alichokijua alikijua kwa kitabu, na kitabu alikijua chote.

"Daktari wa hospitali hajazaa hata mmoja," alisema, "na watoto wanatoka."

Darasa likacheka. Wafula naye akacheka, bila haraka.

"Wanatoka, Mwalimu. Lakini uchungu ni wa mama. Sisi tukianguka, kitabu hakitalala njaa."

"Andikeni," Kalama akasema, akageukia ubao. "Dukani hakuna ndugu. Bei ni moja kwa mzee, kwa kijana, kwa aliyekuzaa na kwa usiyemjua. Pili, anayenunua nguo usimrushie juu ya meza kama mfupa. Ikunjue, mwekee begani, ajione nayo. Aliyejiona nayo ameshanunua."

Wakaandika. Dirishani, mikono mgongoni, alikuwa amesimama mzungu mkubwa wa kozi, mtu mrefu ambaye wanafunzi walimwita Miwani akiwa mbali na Bwana akiwa karibu. Alikuwa amesikia yote, kuanzia kwenye swali.

Jioni alimwita Kalama afisini.

"Yule askari ameuliza vizuri," Miwani alisema. "Nairobi nao wanauliza hivyo hivyo. Wanasema Mwafrika anaweza kufundishwa biashara, lakini hawezi kuifanya. Basi tuwaonyeshe. Nimepata chumba Magongo, kando ya barabara. Utafungua duka la mfano. Miezi sita."

"Mimi, Bwana?"

"Wewe. Likisimama, utakwenda bara, kwenye shule kubwa. Wanafunzi themanini, nyumba ya mawe, mshahara mara mbili. Hakuna Mwafrika aliyepewa kazi hiyo."

"Na lisiposimama?"

Miwani alivua miwani, akaipangusa kwa tai. "Kozi itafungwa. Mimi nitapelekwa kwingine. Wewe sijui."

*

Nyumbani kwao Chaani, katika vyumba viwili vya kozi, Kahaso alikuwa ameketi chini akisuka makuti. Aliyasuka tangu alfajiri mpaka jua lizame, akawauzia wajenzi waliokuwa wakiezeka vibanda vya makuli, na ni makuti hayo yaliyonunua samaki kila mshahara wa mwalimu ulipofika nusu ya mwezi ukiwa umechoka. Mumewe hakuyataja kamwe darasani. Hakuona kama yale nayo ni biashara.

Akamweleza habari. Kahaso hakuinua kichwa.

"Na nani atanunua?"

"Watu."

"Watu gani, Baba Margaret? Watu wana majina."

"Barabara ile wapita mamia kwa siku."

"Wapita wakienda kwa Mhindi anayewakopesha mpaka mwisho wa mwezi. Wewe utakopesha?"

"Kitabu kinakataza."

"Basi kitabu kije kinunue."

Kalama akaketi kwenye kiti pekee, akavua viatu. Alikuwa amezoea kuulizwa maswali na watu waliokaa chini yake, lakini haya hayakuwa na jibu kwenye ukurasa wowote. Kahaso akafunga kuti, akalitupa kwenye rundo, akachukua jingine.

"Kaniki," akasema.

"Kaniki nini?"

"Mama na wenzake wa Miritini wanakwenda mpaka mjini kupanga foleni ya kaniki. Wanasimama kutwa juani, wanasukumwa, wanarudi mikono mitupu. Nguo tangu vita ni ya kugawiwa. Huyo Bwana wako akikupatia mgao wa kaniki, na chumvi, na mafuta ya taa, mama atawaleta wote. Miritini nzima inamsikiliza."

"Mama mkwe? Aje dukani kwangu?"

"Utatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nitauza. Akishaondoka utarudi."

Lilikuwa jambo dogo kulisema na kubwa kulifanya. Kwao, mume wa binti na mama wa binti hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hawasemezani ila kwa mtu wa katikati. Na nguo ya mama mkwe ndiyo usiiguse kabisa: mvua ikinyesha na nguo yake imeanikwa, mkwe huiacha ilowe kuliko kuianua. Kalama alikuwa amebatizwa, alivaa tai, alisoma gazeti, lakini hilo hakuna padre aliyethubutu kulifuta. Miaka kumi na miwili tangu aoe, alimjua Nyevu, mama yake Kahaso, kwa miguu yake tu, na kikohozi chake, na mihogo aliyoipeleka kwa Kahaso ikiwa na maneno, "Mpe mwenye nyumba." Binti yao Margaret alikuwa akilelewa na bibi huyo huyo, huko Miritini, ili asome misheni ya karibu. Nyevu alimvisha, akamlisha, na hakuomba senti.

"Kila Jumamosi nitoke kwa mlango wa nyuma?" Kalama aliuliza.

"Kuna ubaya gani? Hata wezi hutoka huko, na wanafanikiwa."

Akacheka bila kupenda.

*

Duka lilisimama. Lilisimama kwa miguu ya wanawake wa Miritini, wala si kwa kitu kingine. Jumamosi saa tatu walionekana barabarani, ishirini, thelathini, Nyevu mbele, vikapu vichwani. Kalama alisikia kile kikohozi, akakunja gazeti, akapotelea uani, akasimama nyuma ya choo cha makuti akihesabu punje za mahindi ya jirani. Ndani, Kahaso aliuza. Aliwauliza habari za wagonjwa. Akipima chumvi aliongeza kidole kimoja juu, na aliyeongezwa alirudi wiki inayofuata na jirani yake. Aliyepungukiwa aliacha kikapu chake dukani, akakifuata Jumatatu na pesa, na hakuna kikapu hata kimoja kilichovuka Jumatatu.

Wanafunzi waliokuja kutazama waliona, wakatania.

"Mwalimu ana tumbo la Jumamosi," alisema Ngumbao, askari wa Rabai, aliyejua sababu kamili. "Saa tatu ikigonga, haja."

"Kwetu pia iko," Wafula alisema. "Mimi mama mkwe akitokea njia hii, naingia kwenye miiba."

Kila mwisho wa mwezi Miwani aliandika barua ya Nairobi. Aliandika kwamba Kalama ameonyesha nidhamu ya bei moja, na usafi, na uangalifu. Jina la Kahaso halikuwamo. Kalama aliisoma nakala, akairudia, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya Biblia. Usiku ule hakumsomea mkewe. Alimwambia tu, "Bwana amefurahi." Kahaso akajibu, "Haya," akauliza kama gunia la chumvi litafika kabla ya Ijumaa.

*

Mwezi wa tano walikuja wageni. Miwani hakutoa habari mpaka asubuhi ya siku yenyewe, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Wazungu wawili kutoka Nairobi, mmoja na kamera kifuani. Nyuma yao wanafunzi ishirini, madaftari mkononi, wamepangwa ukutani kama kwenye gwaride. Miwani aliingia, akatazama huku na huku, akamwona Kahaso nyuma ya meza.

"Mama aende akapike chai," akamwambia Kalama. "Wageni wanataka kumwona mfanyabiashara, si mke wake."

Kahaso alimtazama mumewe. Ilikuwa saa tatu kasoro.

"Baba Margaret," akasema kwa sauti ya chini, "leo ni Jumamosi."

"Najua. Nenda ukawazuie njiani."

"Kwa njia ipi? Hawa wamesimama mlangoni. Nitazunguka kwa nyuma, na chai nani—"

"Chai kwanza," Miwani alisema kwa uchangamfu.

Akatoka uani. Alipuliza moto kwa haraka, moshi ukamwingia machoni, na alikuwa bado hajaweka birika aliposikia kikohozi cha mama yake upande wa barabarani. Wanawake walikuwa wamekwisha kuingia.

Nyevu alivuka kizingiti akizungumza na Kache, jirani yake, akainua macho, akamwona nani yuko nyuma ya meza. Alishusha uso papo hapo, akajifunika nusu ya uso kwa leso, akageuka kutoka.

"Mbona mteja anaondoka?" Miwani aliuliza. "Kalama, mwite."

Kalama alikuwa ameinama kuchukua kitu chini ya meza ambacho hakikuwapo. Akainuka.

"Bwana," akasema polepole, "huyu ni mama mkwe wangu."

Miwani akawatafsiria wageni. Wakacheka, cheko la watu wema. Yule wa kamera akasema neno, Miwani akalileta kwa Kiswahili.

"Anasema ndiyo vizuri zaidi. Atanunua kwa uaminifu." Kisha akaugeukia ukuta wa wanafunzi. "Mwalimu wenu amewafundisha nini? Dukani hakuna nani?"

Ngumbao alitazama viatu vyake.

"Hakuna ndugu," Miwani akajijibu. "Kalama, kama kwenye somo. Tafadhali."

Watu waliokuwapo walieleza baadaye kwamba Mwalimu alisimama muda mrefu. Haukuwa muda mrefu. Ulikuwa muda wa kumeza mate mara mbili. Katika muda huo angeweza kusema, siwezi. Neno moja, silabi tatu. Wazungu wangekasirika, au wangecheka tena, au wangeandika katika kitabu chao kwamba Mwafrika bado. Aliona nyumba ya mawe. Aliona pia vyumba viwili vya Chaani, na vitu vyao vimetolewa nje, na rundo la makuti juu yake. Woga wake ulikuwa wa kweli, wala usimcheke. Watu wengi wamefanya makubwa zaidi kwa woga mdogo kuliko huo. Lakini aliyetishwa alikuwa yeye, na aliyelipa alikuwa mwingine.

"Mama," akasema, "karibu. Unataka nini?"

Nyevu alisimama amempa mgongo. Kache ndiye aliyejibu: "Alikuja kutafuta kaniki."

Kalama alitoa kaniki kwenye rafu. Akaikunjua. Harufu ya nguo mpya ikajaa chumbani. Akazunguka meza, hatua nne, akaiweka kaniki begani kwa mama mkwe wake.

Kamera ikalia.

"Bei yake shilingi tano na thumuni," Kalama alisema. "Ni bei moja kwa wote."

Wafula alifunga daftari. Alilifunga kwa nguvu, likasikika, na Miwani akamtazama.

Mkono wa Nyevu ulitafuta pindo la leso alipofunga pesa, ukafungua fundo, ukahesabu shilingi tano na thumuni moja, ukaziweka juu ya meza. Kisha akaishika ile kaniki kwa ncha za vidole viwili, akaitoa begani, akaiweka juu ya pesa. Akatoka. Wanawake wakatoka nyuma yake, mmoja mmoja, vikapu vitupu, na wa mwisho hakuwa ametia mguu barabarani bado Kahaso alipotokea kwa mlango wa nyuma na sinia la chai.

Aliitazama kaniki. Alizitazama pesa. Akamtazama mumewe, aliyekuwa amesimama mbele ya meza badala ya nyuma yake.

"Umemgusa," akasema.

"Sukari vijiko viwili," Miwani alisema.

*

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekuja. Wala iliyofuata hiyo. Wajenzi wa Magongo walipita, wakasalimu, wakaendelea kwa Mhindi. Chumvi ilianza kutoa maji kwenye gunia.

Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi, alikuja Kombe, kaka yake Kahaso, kuli wa bandarini, na nguo za kazi bado zina vumbi la saruji. Alikataa kuketi.

"Shemeji, sikuja kugombana. Wazee wamekaa. Mama hajatoka nyumbani tangu siku ile. Ati akipita watu watamtazama bega."

"Nililazimishwa, Kombe. Ulikuwapo?"

"Sikuwapo. Walikuwapo wanawake thelathini." Alipangusa uso. "Mambo ni madogo. Mbuzi mmoja. Kaniki mpya, ainunue Kahaso, usiiguse wewe. Na wewe mwenyewe uje Jumapili, ukae chini nje ya nyumba ya mama, mpaka atume mtu kukuinua. Anaweza kukuweka nusu saa, anaweza kukuweka mpaka jua lichwe. Akishakuinua, yameisha. Hata dukani watarudi."

"Nitakuja."

"Uje mwenyewe. Hilo ndilo lenyewe."

"Nimesema nitakuja."

Jioni ile ile Miwani alimwita. Barua ilikuwa imefika. Wageni walipendezwa mno, hasa na ile picha. Kazi ya bara ni yake. Gari la moshi Alhamisi, tiketi mbili, daraja la pili.

"Bwana, naomba Jumapili ipite. Nina jambo la ukoo."

"Mkuu wa shule anakungoja Ijumaa. Wanafunzi wamekwisha kufika." Miwani hakuwa mkali. Alisikitika, kama mtu anayesikitikia mvua. "Ikiwa haiwezekani, nitamtuma mwalimu mwenzako, Dishon. Amesoma kitabu hicho hicho."

"Na duka, Bwana?"

"Duka limefanya kazi yake. Mwisho wa mwezi tutafunga."

Kalama alizichukua tiketi.

*

"Nitapeleka mbuzi," alimwambia Kahaso Jumatano. "Mbuzi mkubwa. Na kaniki mbili badala ya moja. Na shilingi ishirini."

"Na wewe?"

"Mwezi wa nane nitapata likizo. Nitakwenda nikae, hata kutwa."

Kahaso alikuwa akisuka. Vidole havikupotea hata mara moja.

"Mama halipwi, Baba Margaret. Nani alilipa siku ile, wewe au yeye?"

"Nikibaki tutakula nini? Vyumba hivi ni vya kozi. Duka linafungwa. Miaka tisa, Kahaso. Miaka tisa nafundisha watu kupanda ngazi, na leo ni zamu yangu, nikakae mavumbini kwa sababu ya kipande cha nguo?"

"Si kipande cha nguo."

"Najua si kipande cha nguo," akasema, maana alijua kuliko mtu yeyote. "Lakini gari ni Alhamisi."

"Jumapili ni siku tatu baadaye. Mwambie Bwana mkweo amekufa. Wao wakifiwa huwa wanangoja."

"Niseme amekufa?"

"Umeshamfanya hivyo. Useme tu."

Nje mwanamke aliita kuulizia makuti mia mbili. Kahaso akatoka, akapatana naye, akarudi na pesa kwenye pindo, akaketi palepale.

"Huyo mbuzi atapelekwa na nani?" akauliza. "Kombe yuko zamu wiki nzima."

"Mtu yeyote. Nitatafuta mtu."

"Nitume mimi."

"Utachelewa gari. Mbuzi analetwa kesho adhuhuri."

"Nitume mimi," Kahaso akarudia.

Kalama alielewa. Alielewa tangu mara ya kwanza. Alikuwa na jibu moja tu la kumzuia, nalo lilikuwa kusema nitakwenda mwenyewe, na alilishika mdomoni mpaka likapoa.

"Haya," akasema.

Alhamisi mbuzi aliletwa. Kahaso alifunga kaniki mbili kwenye kikapu, na kisu chake cha kuchania makuti, na sahani mbili, na nguo zake zote. Shilingi ishirini aliziacha mezani. Hakulia wala hakukumbusha lolote. Alimwambia mumewe kwamba shati la bluu limepigwa pasi na liko juu sandukuni.

Gari liliondoka Changamwe jioni, jua bado liko juu ya minazi. Kalama aliketi peke yake kwenye kiti cha ngozi, tiketi mbili mfukoni. Kule Nairobi ilikuwa imeshaandikwa kwamba duka la Magongo linafungwa kwa sababu mwenyewe amepandishwa cheo, na ukilitafuta karatasini hutakuta kosa hata moja. Wafula aliacha kozi wiki hiyo hiyo. Alirudi kwao na daftari lake tu.

Karibu na Miritini reli inakaribiana na njia ya miguu. Akawaona. Kahaso alikuwa akitembea upande wa kulia, kikapu kichwani, kamba mkononi, mwendo wake ule ule wa kwenda kuuza. Kalama alisimama. Aliteremsha kioo, akatoa mkono nje, akafungua mdomo, kisha hakujua amwite kwa jina gani.

Mbuzi aliogopa mlio wa gari, akasimama, akageuka kulitazama mpaka behewa la mwisho. Kahaso alivuta kamba. Hakugeuka.